Utando wa Mafuta Mtungini

Kabla kengele ya misheni haijalia, wasichana wa Ipuli walikuwa tayari kisimani. Siku hizo, enzi za Mwingereza, Ipuli haikuwa na bomba hata moja. Kulikuwa na kisima kilichozungushiwa magogo, kamba ndefu na debe moja lililopondekapondeka kwa kugonga kuta. Ukifika wa mwisho, unateka tope.

Minza hakuwa akifika wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yupo darasa la nne, miguu yake mirefu na mdomo wake haukujua kufungwa. Alivuta debe, akajaza mtungi, kisha akatumbukiza tawi dogo lenye majani ili maji yasirukeruke njiani. Wenzake hawakutumia majani. Kila mmoja aliweka juu ya maji kigae cha kibuyu, kimekatwa duara, kikaelea humo kama kifuniko. Bila kitu cha kuelea, ukifika nyumbani nusu ya maji yako imekwisha kunywewa na gauni.

Vigae hivyo vyote vilikuwa kazi ya mikono ya Minza. Alivichora maua kwa msumari wa moto, akavipaka mafuta ya karanga mpaka vikang'aa, akawagawia wenzake kwa ajili ya sikukuu ya Petro na Paulo. Kila Jumamosi walikusanyika uani kwake apake tena, maana nani angekubali kigae cha mwenzake king'ae kuliko chake? Yeye mwenyewe alibaki na tawi. Ndiyo hali ya mafundi: mfinyanzi hulia gaeni.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, Mama Damas alikuwa amesimama mbele ya kisima na bakuli jeupe mkononi.

"Hakuna kuteka!" alisema. "Njooni kwanza mtazame haya."

Wasichana walisogea. Juu ya maji ndani ya bakuli palikuwa na utando mwembamba, unang'aa kijani, zambarau na dhahabu kila bakuli lilipotikiswa.

"Wiki ya pili hii," Mama Damas alisema. "Maji yananuka uvundo. Mwanangu Damas anayatema. Nimepita nyumba ya mkuu wetu, Mwanangwa, nao wanayo. Nimepita kwa jirani zangu, nao wanayo. Nyumba moja tu haina." Alimgeukia Minza. "Yenu. Mama yako anaosha vyungu vyake vya nta hapa kisimani usiku, halafu anajitekea maji safi kabla ya sisi kuamka. Au nasema uongo?"

"Ndiyo, unasema uongo," Minza alijibu.

Wasichana walishika midomo. Mtoto hamjibu mtu mzima hivyo, si Ipuli, si popote pale Unyamwezi. Lakini neno lilikwisha toka, na Minza hakulitamani lirudi.

Mama yake Minza aliitwa Paskazia. Alikuwa amekuja kutoka Nzega miaka michache nyuma, na mumewe alikuwa mbali Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, akitafuta. Paskazia alinunua masega kwa warina asali waliotoka porini, akayachemsha kwenye chungu kikubwa, akayakamua kwa gunia, na ile nta ilipoganda ikawa mkate wa manjano aliouuza dukani Kanyenye. Hiyo ndiyo iliyowavisha na kuwalisha. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumsingizia mafuta hakuhitaji kufikiri sana: mgeni, mwanamke peke yake, na chungu chenye utelezi uani.

Habari ilifika kwa Mzee Raymundi kabla jua halijapanda. Mzee Raymundi alikuwa mwanangwa, mkuu wa eneo chini ya mtemi, mtu wa maneno machache na fimbo nyeusi. Alikwenda mwenyewe kwa Paskazia. Nyuma yake alifuata Mama Damas, na nyuma ya Mama Damas nusu ya Ipuli.

"Mama Minza," alisema, "watu wana manung'uniko. Bwana Afya wa serikali akisikia kisima kina mafuta atakifukia, nasi sote tutateka mbugani pamoja na ng'ombe. Jumapili baada ya misa tutakaa baraza. Omba radhi, zima jiko lako la nta, yaishe. Usipofanya hivyo, kisima hiki si chako tena."

"Sijaosha chungu kisimani, Mwanangwa," Paskazia alisema.

"Omba radhi tu, mama," jirani mmoja alishauri kutoka nyuma. "Neno moja tu, linakudhuru nini?"

Paskazia alifuta mikono kwenye kanga yake taratibu. "Nikiomba radhi kwa nisilolitenda leo, mwakani mtanidai radhi kwa mvua isiponyesha. Sitaomba."

"Basi mpaka Jumapili hamtateka hapa," Mzee Raymundi alisema, akaondoka. Alionekana kama mtu aliyemeza kitu kichungu, lakini amri aliiacha palepale.

Jioni Minza na mama yake walikwenda kuteka mbugani. Ni mbali, njia ina mchanga, na maji yenyewe unayagombania na ng'ombe. Minza alikuwa amefura kwa hasira. Alizisema zote njiani: alimsema Mama Damas, alimsema Mwanangwa, alimsema hata Damas ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kutema maji.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza.

"Bado."

"Hasira haijawahi kusafisha maji, Minza. Tumia hayo macho yako makali."

Minza aliinama kuteka. Pembeni, kwenye dimbwi lililotuama juu ya udongo mwekundu, aliona utando unaong'aa rangi zilezile za bakuli la Mama Damas. Alichukua unyasi akaugusa. Utando ulivunjikavunjika vipandevipande, na vipande vikabaki hivyo hivyo, kila kimoja peke yake.

"Mama! Huku hakuna chungu wala nta, na utando upo! Unatoka ardhini!"

Paskazia alitazama. "Huu naujua tangu Nzega. Ni wa kutu ya udongo. Lakini hujaugusa ule wa kwa Mama Damas. Usimfunge mbuzi kabla hujamshika."

Kesho yake Minza alitoka shuleni pamoja na Veneranda, rafiki yake. Veneranda alikuwa binti wa Mzee Raymundi. Msichana mwingine angemkimbia Minza siku hizo, lakini Veneranda alisema kwamba baba yake amewafungia kisima, hakuwafungia barabara.

"Nionyeshe mtungi wenu," Minza alimwambia.

Mtungi wa nyumba ya Mwanangwa ulikaa pembeni mwa ukumbi, mahali penye ubaridi. Minza alipiga magoti, akamsalimu mama yake Veneranda, akaitikiwa kwa ubaridi uleule. Kisha aliinama juu ya mtungi. Utando ulikuwapo. Alichomoa unyasi wake, akaukata utando katikati. Uligawanyika, ukayumba, halafu pande mbili zikarudi zikaungana pasiwe na alama yoyote.

Minza aliurudia mara nyingine. Ukaungana tena.

"Haya si ya udongo," alisema, na sauti yake ilipungua. "Haya ni mafuta kweli."

"Kwa hiyo ni nta?" Veneranda aliuliza kwa woga.

Hilo Minza alikuwa na jibu lake. Walikimbia mpaka kwao, akachukua kijiko cha nta ya moto jikoni, akaimimina kwenye maji baridi. Nta iliganda papo hapo, ikaelea kama maganda ya manjano. Waliyaokota kwa vidole, na maji yakabaki wazi. "Umeona? Nta haitandi hivi. Nta ingeingia kisimani mngekuwa mnateka maganda."

"Basi mafuta yapo kisimani, lakini si yenu."

"Hatujui kama yapo kisimani. Nani amekwenda kuangalia? Wote wamekwenda kusema."

Kwa kuwa Minza alikatazwa kuteka, Veneranda alivuta debe. Minza alisimama nje ya magogo, mikono nyuma, ili asije mtu akasema amevunja amri. Walimimina maji kwenye sufuria ambayo Minza aliisugua mwenyewe kwa majivu, wakaketi wakingoja. Jua lilisogea. Mpita njia mmoja aliwauliza kama wanapika jiwe. Maji yalibaki safi, hayana hata nukta ya rangi.

"Kisima ni kizima!" Veneranda aliruka. "Twende tukamwambie baba!"

"Atasema mafuta yalikuwa yamelala. Kisima ni kizima, mtungi wenu ni mgonjwa. Kuna kitu kinatokea hapo katikati. Teka kama unavyoteka siku zote, nami nitakufuata nikitazama kila unachofanya."

Veneranda alijaza mtungi wake, akaweka kigae chake, akajitwisha juu ya ngata, akatembea. Minza alimfuata unyounyo. Hapakuwa na kitu njiani. Walipofika ukumbini Veneranda alitua mtungi, na jua la jioni lilikuwa likipenya mlangoni moja kwa moja. Minza aliinama.

Kigae kilikuwa kinaelea, kizuri, kina maua yake mwenyewe ya msumari. Na kuzunguka ukingo wake, taratibu, rangi zilikuwa zinatoka na kutambaa juu ya maji.

Minza alihesabu moyoni nyumba zilizokuwa na utando, na katika kila moja alimwona msichana mwenye kigae chake. Kwao hapakuwa na utando kwa sababu kwao palikuwa na tawi.

Veneranda naye aliona. Alikitoa kigae haraka, akakificha chini ya kanga.

"Nyamaza," alinong'ona. "Nitawaambia wasichana wote leo hii wavitupe. Mafuta yatakwisha, watu watasahau. Hakuna atakayejua."

Lilikuwa shauri tamu, na Minza alilitamani kwa moyo wote. Alitembea nalo mpaka nusu ya njia ya kwao. Hapo alisimama. Kama mafuta yangekwisha sasa, wakati mama yake amefungiwa kisima, watu wangesema nini? Wangesema: Mnaona? Tulipomzuia tu, maji yametakata. Kunyamaza kwake kungekuwa muhuri juu ya uongo wa Mama Damas. Aliona aibu kwamba alikuwa ameutamani ukimya huo hata kwa hatua chache.

Alimkuta mama yake akikamua gunia la masega. Alimwambia yote bila kupumzika, akalia katikati, akaendelea.

Paskazia aliacha gunia.

"Ulijua mafuta yatatoka?"

"Sikujua, mama. Nilitaka ving'ae tu."

"Watafurahi, unajua hilo? Watasema kumbe ni nyumba hiyohiyo."

"Najua."

"Utasema hata hivyo?"

"Nitasema. Wewe hukuosha chungu kisimani, na hawatakuomba radhi nisiposema."

Paskazia alimwangalia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikaribia kutabasamu. "Basi sikiliza. Jumapili utawasalimu wazee kwa magoti kama nilivyokulea. Lakini ukianza kusema, simama."

Jumapili uwanja wa Mwanangwa ulijaa. Hata wasio na mtungi walikuja, maana jambo la wenzio ni tamu kuliko sikukuu. Mzee Raymundi aliketi kwenye kiti chake, fimbo magotini. Aliuliza kama Mama Minza yuko tayari kuomba radhi.

"Siko tayari," Paskazia alisema. "Ila binti yangu ana neno."

Watu wakaguna. Mtoto, tena wa kike, kusema barazani! Mzee mmoja alidai aondolewe. Minza alikuwa amepiga magoti kusalimu, na sauti hizo zilipopanda yeye alisimama wima.

"Shikamooni, wazee wangu. Mtanitoa nikimaliza. Kwanza mtazame."

Kabla Mwanangwa hajaamua kukasirika, alikwisha weka mbele yake sufuria mbili za maji ambayo Veneranda aliyateka asubuhi hiyo. Katika ya kwanza alimimina nta ya moto. Iliganda, akaiokota, akamkabidhi Mzee Raymundi maganda yake mkononi. Katika ya pili alitumbukiza kigae kilichong'aa. Watu walisogea wakasukumana. Haukupita muda, utando ukaanza kutanda, kijani, zambarau na dhahabu.

"Hicho kigae cha nani?" Mwanangwa aliuliza.

"Cha kwangu, baba," Veneranda alisema kutoka nyuma. "Nakiweka mtungini kila siku."

"Na aliyekitengeneza ni mimi," Minza alisema. "Vyote nimevitengeneza mimi. Nilivipaka mafuta ya karanga ving'ae, na kila Jumamosi nikavipaka tena. Mafuta yanatoka kwenye vigae, yanaingia mitungini, yanavunda. Kisimani hayajafika. Mteke wenyewe mtazame."

Mama Damas alipiga makofi. "Si nilisema! Nilisema mimi! Ni nyumba hiyohiyo!"

Hapo Minza aliogopa. Lakini aligeuka akamkabili.

"Hapana, Mama Damas. Hukusema hivyo. Ulisema mama yangu anaosha vyungu kisimani usiku. Hilo ni uongo, nami ninakurudishia mbele ya watu. La vigae ni langu, sikujua, ila nimekosa, na naomba radhi kwa kila nyumba. Nitasugua kila mtungi kwa majivu na mchanga mpaka usinuke. Lakini la vyungu sitalibeba, na mama yangu hatalibeba."

Mzee Raymundi aliyageuza yale maganda ya nta mkononi mwake. Kisha aliagiza debe liletwe kutoka kisimani, akainama mwenyewe, akayatazama maji mpaka akaridhika.

"Mama Damas," alisema, "wewe ulimwona Mama Minza akiosha chungu?"

"Sikumwona. Nilidhani. Mtoto alikuwa anatema maji, Mwanangwa, nikaogopa."

"Hofu ya mama naielewa. Lakini hofu si shahidi. Nami nimekosa zaidi yako, maana nilifunga kisima kwa neno la mtu ambaye hakuona, na mtungi wenyewe ulikuwa ukumbini kwangu. Niliupita kila siku, sikuinama." Alisimama, na watu wakashangaa kuona amemgeukia Paskazia. "Mama Minza, nisamehe. Kisima ni chako kama kilivyo changu."

"Nimekusikia, Mwanangwa," Paskazia alisema. Hakuondoka. Alibaki amesimama palepale akimtazama Mama Damas, bila chuki, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Watu wakaanza kukohoa.

"Nisamehe, Mama Minza," Mama Damas alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nimekusamehe."

Wiki ile yote Minza alisugua mitungi. Alikwenda nyumba baada ya nyumba akitoka shuleni, vidole vikachubuka kwa mchanga. Veneranda alikuja kumsaidia bila kuombwa. Wengine walimcheka, wengine walimpa karanga, na Mama Damas alimsimamia akimwonyesha kila doa, kisha akamletea uji. Wasichana wakarudia kutumia majani.

Alipomaliza mtungi wa mwisho alirudi nyumbani, akajitupa kwenye mkeka karibu na jiko la nta, ambalo lilikuwa linawaka kama kawaida.

"Mama, kama ningenyamaza nisingechubuka hivi."

"Usingechubuka," Paskazia alikubali. Alichota nta kidogo yenye uvuguvugu, akaanza kumpaka mwanawe vidoleni. "Lakini sikiliza, Minza, na ukikua uwaambie wanao. Kosa ni mzigo. Lililo lako jitwishe mwenyewe, ulitembeze mchana watu wakuone, hata shingo ikiuma. Lisilo lako, hata wakikuinamisha mji mzima ili wakutwishe, kataa. Wengi wanajua moja tu kati ya hayo mawili. Wanaokataa kila mzigo ni waongo, na wanaopokea kila mzigo huwalea waongo."

Minza alitazama vidole vyake. "Na mimi?"

"Wewe umejua yote mawili Jumapili, ukiwa umesimama," mama yake alisema. "Sasa nipe mkono wa pili."